Mguu wa Mama Nabintu wa Kiringye

Tangu nirudi, sipiti mtaa wowote wa Rugenge bila kusimamishwa. Huyu anauliza kama ni kweli nilibeba mguu wa maiti. Yule amesikia kwamba askari walinichezesha ngoma barabarani. Papa Yonasi muuza mikate ndiye amezidi wote: kwake yeye nimevuka mto Ruzizi nikiogelea, mamba nyuma yangu. Sikuvuka Ruzizi. Nimeona afadhali niyaandike yote mara moja, karatasi mpokezane, na mimi nipate kunywa chai yangu kwa amani.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni fakteri, mgawa barua na vifurushi, au koli kama tunavyosema ofisini. Kwenu nyinyi wa mjini posta ni jambo jepesi. Meli ikitia nanga Kalundu asubuhi, mchana mnasikia kengele ya kinga, baiskeli yangu, mlangoni, na kama hampo namwachia jirani. Hata mbwa wenu wamechoka kunibwekea. Lakini watu wa uwanda wa Ruzizi hawajapata kuwa na fakteri. Zamani gari ya posta iliwapelekea mizigo yao mara moja kwa juma, ikaiacha kwenye duka la mfanyabiashara, na mwenye koli alisikia habari kanisani au sokoni, akaja kwa miguu kuichukua. Baada ya uhuru gari ikawa inakwenda siku ikipata petroli. Uasi ulipoanza haikwenda tena. Koli za bondeni zikajaa kwenye rafu ya nyuma, mavumbi juu yake.

Kati ya hizo ilikuwepo moja ndefu, imefungwa kwa turubai na kamba, imetoka Bujumbura. Panya walitoboa pembe yake moja, na asubuhi fulani nikipita na fagio nikaona vidole. Vidole vya mguu, vya mti, vimechongwa vizuri mpaka kucha. Juu ya turubai waliandika kwa wino mweusi: Mama Nabintu, Kiringye. Basi.

Nilimwita mukubwa wetu wa ofisi aje aone. Aliinama, akagusa kidole gumba, akainuka.

"Itangojea gari," akasema.

"Gari gani, mukubwa?"

Akarudi mezani kwake. Jioni, tulipokuwa tunafunga gishe, dirisha la kuhudumia watu, akanigeukia. "Zakaria, nakuona unavyoangalia ile koli. Weye iko fakteri ya muji. Kule hakuna namba ya nyumba. Na vita iko."

"Najua, mukubwa. Lakini kuna muntu anangojea mguu."

Alitafuta funguo mfukoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Enda basi. Ukisikia risasi, rudi. Mguu ya mti haiwezi kufa. Weye unaweza."

Mambo ya ruhusa na mihuri nayaruka. Mke wangu alinuna siku nzima, kisha akanifungia ndagala, wale dagaa wa ziwa, za kukaanga na bonge la bugali katika majani ya mgomba. Mlangoni aliniambia neno moja tu: "Kula." Nikaifunga koli kwenye bomba la kinga, nikaondoka.

Rugenge mpaka Kavimvira

Nilidhani Kavimvira, penye forodha ya mpaka, nitapita bila kusimama. Mimi siendi Burundi, naenda kaskazini ndani ya nchi yetu wenyewe. Lakini bwana mmoja wa forodha aliyekuwa amekaa kivulini aliona lebo ya Bujumbura kwenye turubai, akaninyoshea kidole.

"Hii imevuka leo?"

"Imevuka zamani. Ilikuwa posta."

"Ilivuka kama bintu gani?"

Sikujua. Nikafungua pembe, akaona vidole, akamwita mwenzake. Hapo ukaanza mjadala ambao sijausikia hata kanisani. Wa kwanza alisema ni kiatu, kwa sababu kinavaliwa. Wa pili alisema kiatu kina muntu ndani, na hii haina muntu, imetengenezwa kwa mti na misumari, kwa hiyo ni samani kama kiti au meza. Wa kwanza akauliza nani amepata kuona meza yenye kucha. Jua lilikuwa linapanda. Wapita njia walisimama, kila mmoja na maoni yake.

Karibu nao mama mmoja mbadilisha pesa alikuwa amekaa juu ya kibao, kitambaa cha noti mapajani. Alisikiliza mpaka akachoka.

"Minye nimevuka leo asubuhi na miguu yangu mbili," akasema bila kuinua kichwa. "Mumenilipisha? Sasa muache ya mwenzangu ipite."

Wale mabwana wakatazamana. Wa pili akanifungia pembe ya turubai kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nimsalimie mama mwenye mguu.

Bariere ya Runingu

Nilipita mashamba ya miwa ya Kiliba nikitafuna kipande alichonipa mkata miwa mmoja, upepo wa ziwa mgongoni, na nilikuwa na furaha. Nasema kweli. Mtu aliyezoea kugonga milango ileile kila siku, akipewa barabara iliyonyooka, anajiona kijana.

Karibu na Runingu gogo la kuzuia njia lilikuwa limelazwa katikati ya barabara. Askari wa serikali walikaa nyuma yake, watu wa mbali, wanazungumza Kilingala. Mmoja aliona ile koli ndefu kwenye bomba la kinga, akainua bunduki.

"Lala chini!"

Nililala. Nilisikia mchanga mdomoni na utamu wa muwa bado kwenye ulimi. Wakakata kamba. Walidhani ni bunduki, na nawaelewa, kwa sababu ilikuwa na urefu wa bunduki na uzito wa bunduki. Turubai ikafunguka, mguu ukabiringika barabarani ukasimama wima kidogo kabla ya kuanguka.  Kisha yule mwenye bunduki akarudi nyuma hatua kadhaa, na nikaona kwamba sasa yeye ndiye anayeogopa. Waliambiwa waasi wana dawa, uchawi wa kuzuia risasi. Mguu bila mtu, kwao, ulikuwa dawa.

Sajenti wao alikuja. Alijua Kiswahili kidogo.

"Hii kazi yake nini?"

"Ya kutembelea, mukubwa. Mama mumoja hana mguu."

"Onyesha."

"Minye niko na miguu yangu."

"Onyesha."

Basi ile ngoma mliyosikia ndiyo hii. Nilikunja goti la kulia, nikaliingiza ndani ya ngozi ya juu, nikafunga mikanda kwenye paja, nikashika kinga kwa mkono mmoja. Nilipiga hatua moja na kuanguka. Askari wakacheka. Nikainuka, nikaanguka tena. Mara ya tatu nilikwenda mpaka kwenye gogo na kurudi, jasho linanitiririka, na wao wakapiga makofi kama watoto wa shule. Hata yule aliyeinua bunduki alitaka kujaribu.

Sajenti hakucheka. Alipiga magoti akaufunga mguu upya ndani ya turubai. Kamba yangu walikuwa wameikata, akachukua mkanda wa kijani wa jeshi. Alipokwisha kukaza fundo akabaki anaufikiria, kisha akaufungua wote, akaunga vipande vya kamba yangu ya zamani.

"Kule mbele si sisi," akasema. "Wakikuta kitu ya jeshi kwako, watakuua." Akaniinulia kinga. "Huyo mama anajua unakuja?"

"Hajui."

Akatikisa kichwa, akawaambia wenzake waondoe gogo.

Kwa Papa Melkiori

Gurudumu lilipasuka baada ya Sange, na jioni ikanikuta nasukuma kinga kati ya mashamba ya watu wanaosema Kirundi. Mimi Kirundi changu ni "amahoro", yaani amani, na maneno ya sokoni. Nilisema amahoro kwenye ua wa kwanza niliouona. Mwenye nyumba, mzee mwenye kofia ya majani, alisema anaitwa Melkiori, akanikaribisha. Akauliza, kwa Kiswahili chake, mzigo ni nini.

"Ni mguu ya mama," nikasema.

Akavua kofia. "Mama?"

"Mama wa Kiringye. Naupeleka kwake."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akakaa hivyo. Kisha akaingia ndani, akazungumza na mkewe kwa sauti ya chini. Mkewe akatoka, akauchukua mzigo wangu taratibu, akaulaza juu ya mkeka mpya.

Sijapata kupokewa hivyo maishani. Majirani walianza kuja, mmoja mmoja, wakanishika mkono bila kusema neno. Walileta maharage yaliyopikwa na ndizi, walileta kasiksi, ile pombe ya ndizi, katika kibuyu kikubwa. Wakapiga magoti wakasali rozari, na mimi nikasali nao kwa Kiswahili. Nilifikiri: watu hawa ni wema namna gani, wanampokea fakteri kama askofu. Nikawaambia, "Hata kwetu mjini hatupokei mgeni hivi." Papa Melkiori akawatafsiria, na mama mmoja akaanza kulia. Nililala nimeshiba, roho yangu nyeupe.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya jembe. Nilitoka nikamkuta Papa Melkiori kati ya migomba yake, amechimba shimo refu na jembamba, kingo zake zimenyooka vizuri.

"Hapa ardhi ni laini," akasema. "Kiringye iko mbali, na njia si nzuri. Tumuzike mama yako hapa. Hata sehemu yake ni yeye. Tutapaangalia."

Nilikaa chini.  Nikaenda mkekani, nikafungua turubai, nikawaonyesha mti, ngozi, mikanda. Nikapiga paja langu, nikatembea ua mzima nikichechemea. Mke wa Melkiori ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa shimo, na akishatulia akimwangalia mumewe na jembe lake, anaanza tena.

Papa Melkiori alikuwa na haya. "Na zile sala zetu za jana?" akauliza. "Zimekwenda wapi?"

Mkewe akajifuta macho. Alisema kwa Kirundi, na mume akanitafsiria: "Anasema zimekwenda kwa ule mguu wa kwanza. Anauliza, nani aliuombea?"

Alinizibia gurudumu kwa utomvu na kipande cha mpira. Katika shimo wakapanda mgomba.

Kiringye

Kiringye nilifika mchana na sikukuta mtu. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani na hakuna aliyeivuna. Milango imefungwa kwa kamba, kuku wawili watatu wanachakura kwenye majivu ya zamani. Nilipiga kengele ya kinga kama ninavyopiga kwenu, sijui kwa nini, mazoea tu. Wakatoka vijana kwenye mahindi.

Walikuwa na mikuki na bunduki moja, majani yamefungwa kichwani. Wa kwanza alichukua kofia yangu yenye alama ya posta, akaichunguza, akampa mkubwa wao. Huyo alikuwa mtu mzima, nadhani kapita, msimamizi wa zamani wa mashamba ya pamba, kwa jinsi alivyosimama mikono nyuma.

"Weye iko muntu wa serikali," akasema.

"Minye ni muntu wa posta."

"Posta ni ya nani?"

Mnisamehe, sikupata jibu. Nimelitafuta njia nzima ya kurudi na bado sina. Nilisema tu nimeleta koli ya Mama Nabintu. Jina hilo likawafanya watazamane. Wakafungua turubai, na hawa hawakuogopa wala kucheka. Kijana mmoja aliushika mguu akaupima karibu na wake.

"Ni yake," akasema. "Ile alikwenda kupimisha Bujumbura."

Mkubwa akaniambia Nabintu na watu wa Kiringye walikimbilia mlimani. "Acha hapa. Tutamupelekea sisi."

Nyinyi mnaojua ninavyoacha koli zenu kwa majirani, kwa wauza vitumbua, hata dirishani, mtacheka mkisikia nilichojibu. Nilisema, "Koli anapewa mwenyewe, mkononi mwake. Ndiyo sheria."  Lakini nilikuwa nimelala mchangani kwa ajili ya mguu ule, nimeanguka nao, nimeusalia rozari, na sikuweza kuuona ukienda na mtu mwingine.

Mkubwa alinitazama. Kisha akatazama kinga.

"Basi hii ibaki. Vita iko na lazima ya kinga."

Kinga ile ilikuwa yangu, si ya posta. Niliifungua koli kutoka kwenye bomba, nikajitwika kichwani. Kofia hawakunirudishia. Nilipoanza kupanda mlima nilisikia kengele yangu ikipigwa ndani ya mahindi, mara moja, mara mbili, halafu kicheko cha vijana. Nililia kidogo. Hakukuwa na mtu wa kuniona.

Mlimani

Mvua ilinipata nusu ya njia. Nilipanda nikishika majani, mguu wa mti kichwani, yangu inateleza. Nilipoona moshi, nilikuwa na matope mpaka masikioni, na watoto wa pale walinikimbia.

Walikuwa wamejenga vibanda vya majani ya migomba. Mbele ya kimoja mama mmoja amekaa juu ya jiwe, anapukuchua maharage, fimbo mbili kando yake, kitenge kimekunjwa chini ya goti la kulia. Sikuhitaji kuuliza.

"Koli ya Mama Nabintu," nikasema, kama ninavyosema milangoni kwenu.

Alinitazama kuanzia matope ya kichwa mpaka matope ya miguu. "Imetoka wapi?"

"Bujumbura."

Maharage yalimwagika. Hakuyaokota. Alichukua ule mzigo mapajani, akaanza kufungua mafundo moja moja kwa vidole, hakutaka kisu. Alipofika kwenye ngozi aliinusa. Watu walikuwa wamejaa mbele yetu.

"Mutoke wote," akasema. "Muntu akivaa nguo munamuangalia?"

Tukatoka, na mimi pia. Baadaye aliniita. Mguu ulimpwaya. Walimpima alipokuwa na mwili, na tangu hapo amekula kidogo. Aliuvua, akaulaza mapajani, na nikadhani safari yangu yote imeishia hapo. Lakini wifi yake aliingia kibandani akatoka na konzi ya pamba, pamba ya mashamba yao ya Kiringye aliyokimbia nayo kwenye kapu. Wakaichambua, wakaijaza taratibu ndani ya ngozi, wakajaribu, wakapunguza, wakaongeza. Mama Nabintu akasimama. Huko Bujumbura alishajifunza kwa mguu wa majaribio, kwa hiyo hakuanguka kama mimi. Alizunguka kibanda peke yake. Tulimsikia tu: hatua, kisha mlio wa ngozi mpya, kisha hatua.

Jioni, tukila sombe, majani ya muhogo, alinieleza kwamba mamba alimshika akiloweka muhogo mtoni. Na siku ya kukimbia shemeji yake alimbeba mgongoni mlima wote. "Mukubwa muzima," akasema, "ninabebwa kama gunia. Nilimuambia aniache. Akanitukana, akaendelea kupanda." Mimi nikamweleza habari ya Papa Melkiori, rozari, shimo, na neno la mkewe juu ya mguu wa kwanza. Nilifikiri atacheka. Aliweka tonge chini.

"Walisali kweli?"

"Kweli. Mama mumoja alilia."

"Basi imepumzika," akasema, akaniongezea sombe.

Kuondoka

Mvua ilinizuia pale mpaka nikawa mwenyeji. Watu walipojua nitarudi mjini, kila mmoja akaleta mzigo wake: maharage, kibuyu cha asali, mkeka, kuku mwekundu mwenye hasira. Anwani zilikuwa hivi: "Ni mutoto wa dada yangu, anakaa karibu na mupapai murefu." Au: "Uliza tu, ana kovu hapa." Nyinyi mliopokea mnajua kwamba niliwapata wote, asubuhi moja, kabla jua halijawa kali. Mjini ndivyo kulivyo. Kurudi kwenyewe sitawachosha nako. Nilifuata wanawake wanaouza mkaa kwa njia ya juu milimani, tukaziacha bariere zote chini, na nilipoingia ofisini bila kofia wala kinga, mukubwa alinitazama, akavua ya kwake akanivika.

Ila ile asubuhi ya kuondoka nataka kuisema. Nilikuwa nimeshaaga, mizigo kichwani, kuku kwapani, Mama Nabintu akainuka.

"Namusindikiza mugeni wangu," akasema.

Wifi yake akamwambia njia ina utelezi. Shemeji yake akasema yeye atakwenda badala yake. Akawasikiliza wote, akachukua fimbo moja, nyingine akaiacha pale kwenye jiwe.

"Tangu mamba," akaniambia, "wageni wanaondoka, minye nawaagia nimekaa. Twende."

Sijawahi kutembea polepole hivyo. Aliniambia nitangulie, nisimshike. Penye tope nilinyosha mkono. Aliuangalia, akapita pembeni yake. Njiani aliniuliza habari za Rugenge, kama ni kweli mtu anasikia kengele tu na mzigo wake uko mlangoni. Nikasema ni kweli. Akasema ni vizuri, lakini basi watu wa mjini hawamjui vizuri anayewaletea.

Tulifika mahali njia inapoanza kuteremka. Uwanda wote ulikuwa chini yetu, na ziwa mbali, jeupe. Alipumua kwa nguvu, jasho kwenye paji la uso, akachomeka fimbo ardhini.

"Minye narudia hapa. Usalimie bote kwako."

Akageuka mwenyewe, kwa duara pana, akaondoka. Nilisimama na yule kuku kwapani mpaka mgongo wake ulipopotea nyuma ya migomba. Hakugeuka kuniangalia. Alikuwa anaangalia anapokanyaga.